Kakule, Baliniita Kufundisha Maumivu Yetu

Kakule, mudogo wangu,

Batu ba masomo ya baganga hapa Butembo, kule banafundisha badaktari, baliniita. Mimi Masika, mwenye sikumaliza hata secondaire, eti nikafundishe banafunzi namna mutu wa SS, huu ugonjwa wetu wa selimundu, anasikia maumivu. Tangu ufe ninashuku kila kitu, donc nilishuku na barua yao. Nikajiambia: banatafuta picha za kujionyesha. Ama banataka niseme mbele ya batu kwamba ulikufa kwa mapenzi ya Mungu, bao bapumue.

Na kukataa nako niliogopa. Banafunzi bale banafanya mazoezi kwa hospitali ileile tulikupeleka siku ya mwisho. Krizi yangu ikikuya, yale maumivu makali ya gafula, ni bao batanipokea. Nikibakasirisha, nani atanichoma sindano? Nikinyamaza, batanifanya kama balikufanya wewe.

Nilipanda pikipiki kutoka Bulengera, muguu ukiniuma tangu asubuhi. Mwalimu wao, mama mumoja wa maneno laini sana, akaniomba: "Mama, utuonyeshe namna mutu analia wakati wa krizi." Nikakataa. Sisi tulilia wapi? Krizi ikikupiga, wewe ulifungua simu, ukaangalia mupira, ukatukana golikipa. Mimi ninashona. Kulia kulituchokesha tukiwa bado batoto. Na ni hiyo njo ilikuua, juu ile siku ya mwisho muganga alikukuta na simu mukononi, akasema: "Huyu haumwi, anapenda tu sindano." Akaenda zake.

Nikabaelezea yote hiyo polepole, nimesimama. Banaandika, banaandika. Kisha nikabauliza: "Tangu niingie hapa, muguu unaniuma sana. Nani ameona?"

Mwalimu mwenyewe akatazama chini. Halafu binti mumoja akatoka nyuma na kiti, akaniuliza: "Unakuuma tangu saa ngapi?" Swali hilo, Kakule, wewe hakuna mutu alikuuliza. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa moyo ama alikuwa anatafuta bapointi kwa mwalimu wake. Lakini nilikaa.

Sasa kuna kitu sikubaambia. Asubuhi ya siku ile ya mwisho, mbele hata ya kufika hospitali, uliniambia mimi dada yako mukubwa: "Yaya, leo ni mubaya." Nilikuangalia, ulikuwa unacheka na simu yako. Nikakujibu: "Acha mambo yako, Kakule," nikaenda sokoni kununua mboga ya sombe, nikakaa kule napiga stori. Tulifika hospitali jioni. Mimi mwenye ugonjwa uleule. Yote nilibafundisha nilikuwa nayajua, na sikukuamini. Ninamushuku kila mutu tangu ufe, na mutu wa kushukiwa alikuwa nyumbani. Unisamehe, mudogo wangu. Inaniuma kupita muguu.

Bameniita tena, mwezi unaokuya. Bado sibaamini sana, lakini nitaenda. Nabaki kukuahidi hii moja, kisha nikuache ulale muzuri: mbele ya kusema neno juu ya muganga yeyote, nitabaambia kwamba mutu wa kwanza kukataa maumivu yako ni mimi, dada yako.

Yaya Masika