Kikombe cha Buluu Kwenye Rafu

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua? Na kile kifua kimepona? Mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha sizikati salamu zake. Anasema hajambo, ila goti lake siku hizi ndilo mkuu wa nyumba: likikataa kuinuka, sote tunangoja. Mimi ni mzima, nimenenepa, na sitaki maoni yako.

Tulipata ujumbe wako kwamba likizo hii unakuja. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Lakini ukamalizia kwamba hutatuambia siku, utatushtukiza. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Mimi na Mama tushtukize utakavyo. Tutalia, tutacheka, yataisha. Kwa Kitinda, mziwanda wetu, nakuomba usithubutu.

Tangu uondoke amekuwa mtu mzima mwenye chumba chake cha kupanga. Hali yake nayo tumeijua jina, usonji, ile ambayo majirani waliiita ukaidi. Anafanya kazi kwa dobi anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Yeye ndiye mkunjaji, na shuka alilokunja utaona haya kulilalia. Dobi mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alimhamishia meza mbali na mashine ya kukaushia, akamruhusu avae viziba masikio. Kukiwa na kazi ya ziada, humwambia tangu jana yake. Hayo tu, na mambo yanakwenda.

Usidhani kila kitu anakiweza. Hospitali naenda naye mimi, maana daktari akimuuliza maswali mawili kwa mpigo, hufunga mdomo. Akizama kazini husahau kula, kwa hiyo mchana nampigia simu. Mama huniuliza nani atafanya haya sisi tukizeeka. Swali hilo linaninyima raha.

Sasa sikia ya Shangazi. Alikuja bila taarifa, yeye na wajukuu zake na keki, eti kumfurahisha. Kitinda akiwa kazini, wakaomba ufunguo kwa mwenye nyumba, wakasogeza kitanda dirishani apate hewa, wakabadilisha mapazia, kisha wakajificha. Alipoingia wakaruka, "Haya, tumekuja!" Kitinda akageuka akakimbia. Tulimkuta nyuma ya kibanda cha dobi, amejikunyata, mikono masikioni. Wiki nzima hakwenda kazini, alijifungia hapa kwa Mama. Dobi alimshikia nafasi yake, lakini aliniambia wazi kwamba yakitokea tena hataweza. Shangazi wa watu alilia kuliko sisi sote. Wema wote ule, ila haukupiga hodi.

Najua wewe nawe una lako moyoni. Siku ya kuondoka ulifungua mikono umkumbatie, naye akatazama begi lako. Uliniambia, "Huyu hata nikipotea hatajua." Jibu ninalo sasa.

Chumbani kwake kuna kiti kimoja, sahani moja na kikombe kimoja. Mimi nikienda hukaa kitandani, na chai nakunywa nikirudi kwangu. Juzi nilimwambia unakuja. Akaendelea kula. Jana nimekuta kwenye rafu kikombe cha pili, cha buluu, karatasi ya bei ingali imebandikwa. Nikanyoosha mkono kwa furaha, nikidhani hatimaye nimekumbukwa. Akakiondoa.

"Hicho cha kaka. Anakuja lini?"

Nikamwambia sijui, hukusema.

"Basi muulize."

Ndiyo nakuuliza, mdogo wangu. Tuambie siku, tuambie saa, na ukisema jioni isiwe asubuhi. Ukifika simama mlangoni, usimkumbatie, mwache akusogelee mwenyewe. Asipokusogelea, kaa unywe chai.

Msalimie sana wifi yangu, na mbusu mwanao mashavuni. Shangazi anakusalimu na anaapa safari hii haleti keki. Mama anakuombea Mungu akufunike njia nzima, akulete salama siku ile ile utakayoisema.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hadi leo chai anakunywa kwake.