Unga wa Mjafari wa Bibi Mokami

Jumatatu, 9 Juni 2025
Dawa imeua! Unga wa Bibi wa magome ya mjafari, anaowapa wagonjwa wake, umefyeka bakteria kwenye sahani ya maabara – duara safi, pana kuliko kizibo cha soda. Ikram, mwenzangu wa maabara, akaita wengine waje waone. Dkt. Abdillah, msimamizi wangu wa utafiti, si mtu wa kucheka ovyo. Leo kacheka. Jumamosi anataka kwenda kijijini Nyamwaga kumshukuru Bibi mwenyewe. Nikapiga simu nyumbani, nikajisifu mpaka salio likakata.

Jumatano, 11 Juni
Magome niliyobandua kwa mkono wangu, mti uleule: kiduara kidogo, cha kutia huruma. Lakini kipo. Kwa nini unga wa Bibi uue kiasi kile? Nimeupeleka kwenye mashine ya kupima kemikali.

Alhamisi, 12 Juni
Amoksilini.
Nimerudia. Amoksilini tena. Dawa ya dukani ya kuua bakteria, ndani ya unga wa Bibi.
Sijamwambia mtu. Ikram kauliza mbona sili, nikasingizia tumbo.

Ijumaa, 13 Juni – Nyamwaga
Nimetangulia kwa basi. Nimemkuta Bibi anasiriba ukuta kwa ajili ya mgeni. Shikamoo. Nikamuuliza taratibu, nikiomba akane. Hakukana! Alinunua vidonge, akavifungua, akamimina ungani. Akaniuliza: si nilimwambia Pasaka kwamba dawa isipoua narudishwa nyumbani? Yeye akae tu amwangalie mjukuu wake akirudishwa?
Kweli nilisema. Kwa utani, mdomo umejaa ndizi.
Na wagonjwa je? Hapo akafoka. Wagonjwa wake hajawahi kuwawekea! Wanapewa magome matupu. Ni mimi tu niliyewekewa.
Aibu imenijaa mpaka masikioni. Si yake, ni yangu. Kile kiduara kidogo kingetosha. Mimi ndiye niliyemtia hofu.

Jumamosi, 14 Juni
Dkt. Abdillah kafika, na khanga na sukari. Nilipanga kumwambia kabla hajashuka garini. Nikamkaribisha chai. Mwoga mkubwa mimi!
Naandika jikoni, najifanya nakoroga uji. Nawasikia nje. Anamwomba Bibi atengeneze dawa mbele yake, tangu mwanzo, apige picha. Sasa Bibi ananiita, kwa Kikurya, sauti ya juu kabisa: avilete na vile vidonge vya dukani, au dawa ya mgeni hatuvitii?
Daktari hajui Kikurya. Anacheka. Kachungulia mlangoni, simu mkononi, ananiuliza Bibi anasemaje –