Mvinyo wa Kwao Mgiriki

Mama Zuhura,

Nakusalimu kutoka kambini Visiga. Mvua juu, tope chini, na mumeo katikati, amechoka kama punda wa chokaa.

Leo mchana Bwana mpima ardhi alimwalika Mgiriki wa shamba la mkonge la Kibaha. Palikuwa na chupa tatu za mvinyo mwekundu: ya Ufaransa, ya Italia na ya Ugiriki. Mimi, bingwa wako, nilikuwa nimezifukia kwenye mchanga wa maji chini ya mtungi zipoe, kama tufanyavyo nyumbani. Kuzifukua, karatasi za majina zote zimebanduka!

Bwana alipoziona ziko uchi, akaniambia mbele ya mgeni, "Mpishi, mpe ya kwao. Ukikosea, huendi harusi ya binti yako."

Kuonja siwezi, wajua, dini hairuhusu. Nikanusa. Zote zilinuka zambarau zilizolala. Nikachagua ile iliyonitoa chafya.

Mgiriki akanywa, akafumba macho. "Hii ya kwetu kabisa!" akasema. Bwana akacheka, akanipa ruhusa papo hapo.

Nilipomshikia mgeni mwavuli kwenda garini, akaniinamia sikioni. "Mzee, ile ilikuwa ya Kifaransa. Nenda kamwoze mtoto."

Nakuja Alhamisi, Mungu akipenda. Usiniwekee kazi yoyote, we mama, niwekee mkeka tu. Mola akutunze wewe na bibi harusi wetu mpaka niwatie machoni.

Mumeo,
Baba Zuhura