Mzee wa Alhamisi

Kisii Mjini,
14 Mei, 1950

Kwa rafiki yangu mpenzi Mariam binti Abdirashid,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisumu, wewe na mume wako Salat na mtoto. Natumaini homa ya mtoto imekwisha na kwamba ameanza kutambaa na kuvuta vitambaa vya meza kama wenzake. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Watoto wangu wawili wanakula na kukua. Nehemiah yupo, anakwenda ofisini na kurudi. Mama yako nilimwona Ijumaa, amekaa mlangoni akichagua mchele. Anasema mguu bado unamsumbua, lakini ulimi wake hausumbuliwi na kitu. Ameniagiza nikuambie kwamba barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno kwa mtu mwenye mikono miwili.

Baada ya salamu, Mariam, nimekasirika. Leo ni siku ya kumi na moja nimekasirika, na hapa sina wa kumwambia. Wewe si Mgusii, si wa kanisa letu, wala hukuolewa katika ukoo wa mume wangu. Basi nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka siku uliyonishika mkono ukaniingiza katika duka la Devshi. Nilikuwa nimekaa mjini mwaka mzima na sijanunua hata chumvi kwa mkono wangu. Kwetu fedha hukaa mfukoni mwa mwanamume, naye ndiye anayekwenda dukani. Nehemiah alikuwa akirudi na vitunguu vilivyoota, na mchele wenye mawe ya kutosha kujenga choo, na nikisema neno ananiuliza tangu lini nimewajua Wahindi. Kumbe kununua ni raha! Ulinifundisha kutia mkono ndani ya gunia la dengu nichote za chini, kunusa bizari kabla haijafungwa kwenye karatasi, kumwambia Devshi hapana na kuelekea mlangoni mpaka aniite. Fedha zilikuwa zangu, za mboga nilizouza sokoni Keumbu. Siku ile nilirudi nyumbani na kikapu changu mwenyewe, nikajiona nimekuwa mtu mzima, nami nilikuwa nimeshazaa mara mbili.

Halafu ukanipeleka nyuma ya duka, penye hoteli yake yenye mabenchi mawili, ukaninunulia dengu na chapati na bajia za viazi zilizotoka kwenye mafuta wakati uleule. Kwa senti chache mtu anashiba mpaka jioni. Nilikula nikanyamaza, ukacheka, ukasema hujawahi kuniona nimenyamaza. Tangu siku ile sikuacha, hata baada ya wewe kuolewa ukaenda zako.

Sasa tuje kwa baba mkwe wangu, mzee Nyamweya. Jina lake nakuandikia tu, kulitamka siwezi. Yeye ni mzee wa kanisa huko kwao karibu na Keumbu. Kanisa letu linakataza pombe, tumbaku na chai. Yeye ameongeza na yake. Kila akisimama kuhubiri anasema kwamba viungo vya Wahindi vinawasha damu, kwamba mwanamke akishaonja pilipili hakai tena nyumbani, na kwamba wana wa Israeli waliangamia jangwani kwa kutamani vitunguu vya Misri. Sisi wanawake tunaitikia amina upande wetu, na mimi vidole vinanuka kitunguu.

Tena unazijua chinsoni zetu, miiko yetu ya heshima, maana uliwahi kunicheka kwa ajili yake. Mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatuketi pamoja, na zaidi ya yote hatuonani tukila. Kumpikia ni wajibu wangu, lakini chakula hupelekwa na mama mkwe, mimi nabaki jikoni. Kumwona akitafuna ni aibu. Kusema mbele za watu kwamba nimemwona akitafuna ni aibu kubwa zaidi. Shika neno hilo, ndilo linaloniunguza.

Alhamisi ya tarehe nne, siku ya soko, saa nane mchana, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la Devshi, nimechoka, nina bajia mdomoni. Akaingia mtu mwenye koti la kijivu na kofia, akaenda moja kwa moja hadi benchi la pembeni linalotazama ukuta, akaketi kama mtu aliye kwake. Kabla hajasema lolote Devshi akamwekea dengu, chapati mbili, rundo la bajia, na kikombe cha chai yenye iliki. Chai, Mariam! Akauma bajia, akageuka kutafuta chumvi, tukaonana. Yeye ana bajia shavuni, mimi nina bajia shavuni. Hakuna aliyeweza kutafuna wala kutema. Nilijifunika uso kwa leso nikatokea mlango wa nyuma, hata kikapu nikakiacha.

Nilidhani atanyamaza. Mtu mwenye akili angefunika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilikuwa tayari kulifunika na kukalia kifuniko. Lakini aliogopa kwamba nitasema, akaamua kuniwahi. Jumapili ukaja ujumbe kwamba Nehemiah aombe ruhusa ofisini anilete mimi na watoto nyumbani kwao, kuna neno.

Jumatatu tukawakuta wazee wa ukoo wamekaa uwanjani. Aliyesema ni Manasseh, mdogo wake baba mkwe, kwa kuwa baba mkwe mwenyewe hawezi kunishtaki uso kwa uso. Alisema nimeonekana na mtu wa kuaminika ndani ya nyumba ya kula ya Mhindi, kwenye benchi la wanaume, nikitafuna hadharani kama mtu asiye na kwao. Mzee mmoja mpole aitwaye Abner akauliza huyo mtu wa kuaminika alikuwa akipita njia au alikuwa ndani. Manasseh akamjibu kwamba hilo halikuwa swali la siku hiyo.

Mimi nilikuwa nimeketi chini karibu na mlango wa jikoni, kichwa nimeinamisha. Baba mkwe alinipa mgongo, akitikisa kichwa kwa huzuni kama aliyefiwa. Niliinua macho kidogo nikaona doa la mafuta kwenye mkono wa koti lile la kijivu. Doa la bajia! Ningesema nini? Nikifungua mdomo kusema nilimwona anakula, aliyevunja heshima ni mimi, na kosa lililokuwa dogo linakuwa kubwa. Heshima niliyofundishwa na mama yangu ndiyo aliyojifichia nyuma yake. Hata mume wangu sikuweza kumwambia, maana ni baba yake.

Na huyo mume wangu! Jioni ngapi nimemletea bajia zimefungwa kwenye gazeti, akala, akalamba vidole, akasoma na gazeti lenyewe? Aliketi kati ya baba zake wadogo akitazama viatu vyake. Sikusikia sauti yake hata ya kikohozi.

Hukumu ilikuwa mambo mawili. Kwanza, kesho yake niwapikie wazee chakula cha kuomba radhi. Pili, baada ya hapo nisirudi mjini. Nikae katika nyumba ya nyuma ya mama mkwe na watoto wangu, nishike jembe, na Nehemiah abaki Kisii peke yake. Manasseh akamalizia kwamba nisiwe na wasiwasi, chumvi na sukari nitaletewa. Mariam, maneno yote niliyavumilia, lakini hilo la kuletewa chumvi lilinichoma mpaka kwenye mfupa.

Hapa lazima nikuambie jambo nililokuficha katika barua tatu, na unisamehe. Nilisema nilikuwa nimeketi kwa Devshi nimechoka. Sikuchoka kwa sababu ya soko. Nilikuwa nimetoka jikoni. Tangu Februari, Kamala mke wa Devshi alipougua akaenda kwa dada yake huko huko Kisumu, mpishi wa hoteli ile ni mimi. Kamala alinifundisha kabla hajaondoka, jinsi ya kukaanga bizari bila kuiunguza na kuukoroga unga wa dengu mpaka ushike kiazi. Ni jiko la hoteli tu. Jiko la nyumbani kwao siingii na vyombo vyao sigusi, eti mkono wangu utavitia unajisi, na hilo nalo nimeliwekea siku yake ya kulikasirikia. Nehemiah alidhani bado nauza mboga.

Na miezi hiyo yote Devshi alikuwa akiniambia habari za mzee mmoja wa Alhamisi, anayekula akitazama ukuta. Kwamba mzee huyo ameuliza kama mpishi amebadilika, maana mkono wa sasa umeshinda wa zamani. Kwamba anapenda bajia zilizokauka pembeni. Nilifurahi kama mtoto. Kila Alhamisi nilimkaangia zake mbali, zikauke pembeni, bila kujua ninamlisha nani. Nilijua siku ile sahani ilipowekwa mbele yake. Basi aliyeshiba kwa mkono wangu ndiye aliyenihukumu kwa kuonja nilichopika.

Jumanne asubuhi nilikwenda Keumbu kwa miguu, nikaingia duka la Mhindi wa pale, nikachagua kila kitu mwenyewe. Nilitia mkono ndani ya gunia la dengu nikauacha humo muda mrefu, maana nilijiambia huenda ndiyo mara ya mwisho. Mwenye duka aliniuliza kama nimepoteza pete.

Wazee walitazamia ugali wa wimbi na mboga. Mama mkwe akawapelekea dengu, chapati, na bajia zilizokauka pembeni. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa jikoni nikisikiliza. Mwanzoni walinung'unika wakiuliza hiki ni kitu gani. Halafu kukawa na kimya cha watu wenye midomo iliyojaa. Abner akaomba aongezwe. Hatimaye nikasikia baba mkwe akimwuliza mama mkwe, kwa sauti ndogo, chakula hiki kimepikwa na nani.

Mama mkwe akaja kuniuliza. Nilimjibu kwa adabu zote, macho chini, kwamba amwambie baba nimepika mimi, na mkono ni uleule wa kila Alhamisi. Maskini hakuelewa, akayapeleka hivyohivyo. Nikasikia mtu amepaliwa, na Manasseh akimpiga mgongoni akiita maji.

Walipomaliza kunawa baba mkwe akasimama. Alisema Mungu ameulainisha moyo wake wakati wa chakula. Alisema mke huyu arudi mjini na mumewe, kwa sababu mji unahitaji wanawake wenye adabu. Wazee wakashangilia. Wakamsifu kwa huruma yake, Mariam! Manasseh akaomba sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa kutupa baba mwenye moyo kama ule. Kisha nikaitwa nimshukuru. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaushukuru mgongo wa koti la kijivu.

Njiani Nehemiah alisema alijua tu kwamba baba yake ana huruma. Nilitangulia mbele nikamwacha. Alipokuja kunifikia nilimweleza kwamba mimi ni mpishi wa Devshi, kwamba nitaendelea kuwa mpishi wa Devshi, na kwamba kuanzia siku hiyo kikapu cha nyumba ile ni changu, asininunulie hata kitunguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Tulipofika mtoni akaniuliza kama bajia za jioni zitaendelea. Bado sijamjibu mpaka leo.

Sasa juzi Alhamisi. Nilijua hatathubutu kuja. Alikuja! Hakuingia ndani. Alisimama nje ya kidirisha cha jikoni, akaigeuzia barabara uso, mgongo kwangu. Mimi nikaligeuzia jiko uso, mgongo kwake. Devshi katikati, maskini, akipokea sahani huku na kuitoa kule bila kujua amekuwa mshenga. Na baba mkwe alipomaliza alimwambia Devshi kwa sauti kubwa, ili nisikie, kwamba mpishi wake ana mkono uliobarikiwa, ila pilipili imepungua.

Nililia, Mariam. Usidhani ni kwa furaha. Nililia kwa hasira mpaka Devshi akaniondolea vitunguu akidhani ndivyo. Nusu ya maneno yale angeyasema Jumatatu mbele ya wazee, ningempikia bure mpaka azikwe. Uwanjani mimi ni mtu asiye na kwao, dirishani nina mkono uliobarikiwa. Sitaki sifa za kupitishiwa dirishani kama chenji.

Basi, rafiki yangu, nimeupunguza moyo kidogo. Barua hii usimsomee mtu, hata Salat, maana wanaume wanajuana. Ukimwona Kamala msalimu, mwambie apone lakini asiharakishe kurudi. Nasikia huko Kisumu iliki ni nono na bei yake ni ya kibinadamu. Ukipata mtu anayekuja huku nitumie kopo moja, uichague mwenyewe kwa mkono wako. Mama yako anakusalimu tena, watoto wangu wanakusalimu, na Nehemiah angekusalimu kama ningekuwa nasema naye. Mbusu mtoto mashavu yote mawili.

Na kuhusu ile pilipili, Devshi ameniuliza Alhamisi ijayo itakuwaje. Nimemwambia mzee ataipata. Mimi nimeshalia, sasa ni zamu yake.

Ni mimi rafiki yako asiyekusahau,
Nyamoita