Zizi la Moto

Jumanne, 25 Februari

Zamu ya mchana. Bajaji mbili zimegongana karibu na daraja. Mmoja kavunjika paja, wengine michubuko. Nge mmoja. Mzee wa kutoka Diff kapigwa teke na ngamia wake mwenyewe, mbavu zinamuuma, na bado anamtetea ngamia. Kisha mtoto wa mafuta ya moto. Mama yake kampaka dawa ya meno kifua kizima. Kumwosha tu ilikuwa kilio. Sipendi kile kilio. Miaka yote hii na bado sijakizoea.

Ramadhani imekaribia. Najua kitakachokuja. Alasiri, mama amefunga, kiu imemkausha, karai la sambusa liko jikoni, jiko liko chini kabisa, naye ameketi kwenye kigoda. Mtoto anakimbia. Basi. Nimechoka kuwapokea mlangoni. Nataka kuwawahi kabla.

Mkuu wa hospitali anacheka. Kazi ya daktari wa dharura, ati, inaanzia mlangoni. Lakini kanipa alasiri za Jumatatu na Jumatano nikahangaike huko nje mpaka Idd. Nisipoleta cha maana, narudi zamu kamili na domo nilifunge. Haya.

Jumamosi, 1 Machi

Fundi sokoni kamaliza uzio wa kwanza niliomwagiza. Nondo nne, waya wa kuku, kijilango kidogo. Unalizungushia jiko. Mama anakaa nje ya waya na kigoda chake vilevile, mkono unafika kwenye karai, mtoto hafiki.

Nimempelekea Halima kwanza. Jirani yangu hapa Galbet, ua wetu mmoja. Kila Ramadhani hukaanga sambusa za kuuza, na mtaa mzima hufuturu kwa mkono wake. Binti yake, Zamzam, ameanza kutembea juzi na leo tayari ni mbio tu. Yule mtoto ndiye ninayemwogopa. Nikiwa zamu, mlango wa hospitali ukifunguliwa kwa kishindo, moyo huniambia ni yeye.

Halima aliutazama waya, akauzunguka, akanitazama. "Abaayo," ndivyo anavyoniita, dada, "hii ni ya kuku ama ya mimi?" Lakini aliuweka.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo wa nne, joto halisemeki. Ulimi kama kipande cha kiatu. Nimefurahi hata hivyo.

Nyumba baada ya nyumba wanataka waya. Akina mama wanaona kwa Halima, wanakuja wenyewe. Na mabango yamefika! Nimeyatunga mwenyewe, sikumwonyesha mtu. Bibi yangu Mombasa, kikombe kikianguka, alikuwa anasema ajali haina kinga. Mtu akianguka, ajali haina kinga. Nimeugeuza: AJALI INA KINGA. Herufi kubwa nyekundu, picha ya jiko ndani ya waya. Nilijiona hodari wallahi.

Nimebandika dukani, kisimani, zahanati, na moja pale ukuta wa msikiti ambapo kila mtu anapita.

Ijumaa, 7 Machi

Bango la msikitini limetolewa. Halijachanwa, limetolewa vizuri na kukunjwa, likaletwa mlangoni kwangu. Sielewi.

Halima kasema sheikh alizungumza baada ya swala. Maneno yangu, ati, hayafai kwa Mwislamu. Nikauliza maneno gani. Akaangalia chini, akaenda kugeuza sambusa zake.

Jumamosi, 8 Machi

Waya zinatolewa. Nimepita mtaani asubuhi nikaziona zimeegemezwa kuta. Moja imegeuzwa kuwa tundu la kuku kweli.

Halima naye katoa. "Bole, abaayo," akanambia, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Mimi nakaa na hawa watu. Sheikh akisema, mimi nifanye nini?"

Nilijibu vibaya. Nilimwambia sheikh hakai zamu ya jioni, hasikii ninachosikia mimi. Zamzam alikuwa anavuta pindo la deraa la mama yake, jiko liko hatua tatu kutoka alipo. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nimekasirika. Nimemkasirikia sheikh, nimemkasirikia Halima, na futari yake sikuila. Nimefuturu kwa tende na maji kama mtu aliyenuna, na kweli nimenuna.

Jumatatu, 10 Machi

Jioni nimerudi hospitali. Mvulana, miaka mitatu. Mkono na ubavu. Uji wa moto.

Nilimjua mama yake nilipomwona. Waya wake ulikuwa wa tatu kutoka kwa fundi. Aliutoa Jumamosi.

Sikumlaumu. Nilitaka sana kumlaumu. Tulimwosha mtoto, tukampa dawa ya maumivu, tukamfunga. Atapona, kovu litabaki. Adhana ya magharibi ikatukuta hapo hapo, nikampa mama maji na tende nami nikafungua. Akashusha pumzi, akasema: "Alhamdulillahi, daktari. Ajal yake haijafika."

Nilikuwa na tende mdomoni. Nikaacha kutafuna.

Ajal. Hakusema ajali ya kugongana na kumwagikiwa. Alisema ajal ile niliyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa na meno ya utoto, siku ya mtu iliyoandikwa, isiyotanguliwa wala kucheleweshwa. Kwao Wasomali neno halijahama. Sisi wa pwani tulilichukua tukalipa kazi ya bajaji na vikombe.

Lahaula. Nimeandika kwa herufi nyekundu, ukutani msikitini, mwezi wa Ramadhani, kwamba saa ya kifo ina dawa na dawa yake ni waya wa kuku.

Nilicheka kwanza. Kisha nikamwangalia yule mtoto amelala na bandeji yake, kicheko kikaniisha. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumanne, 11 Machi

Nimezunguka na kisu kidogo nikitoa mabango yote. Hakuna aliyeniuliza. Watoto wawili wa shule walinisaidia kukwangua la kisimani.

Halima aliniona nikirudi na rundo. Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda, akashika tumbo, akacheka mpaka machozi. "Na mimi nilifikiri hiyo kwa Kiswahili iko sawa!" Alidhani naamini hivyo kweli. Wote walidhani hivyo. Walinionea huruma, walikuwa wakiniombea.

Usiku wa leo nimekula sambusa zake saba.

Alhamisi, 13 Machi

Tumekwenda kwa sheikh baada ya alasiri, mimi na Halima. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu aendaye mahakamani. Nikafungua mdomo tu, akainua kidole. "Daktari, usinianzie ile ya ngamia na kamba. Kila mgeni ananianzia hiyo." Nilikuwa naanza hiyo hasa: mfunge ngamia kwanza, kisha mtegemee Mungu.

Kumbe mtu mpole, ana jicho moja lenye ukungu, na wajukuu wanampanda mgongoni akizungumza na watu. Nikaomba radhi kwa lile neno ajali. Akapokea. Akasema waya hakuukataza hata siku moja, alikataza maneno. Lakini watu wakitoa neno hutoa na kitu chake. Nikamwambia kuhusu mvulana wa Jumatatu. Akamshusha mjukuu aliyekuwa begani akampakata.

Kisha akauliza, na hii kitu chenyewe inaitwaje? Nikasema kinga.

Akafumba macho. Kinga, kwa hapa, wanawake wengi wanaijua kwa Kiswahili cha waganga. Hirizi. Kitu cha kufunga mkononi. "Ajal na kinga. Bamoja. Kwa ukuta wangu. Daktari, wewe ungefanya nini?"

Ningebandua pia.

Tukabaki tunatafuta jina. Mimi nikatoa ya kitaalamu, mbaya zote. Halima alikuwa amechoka na funga yake, akatuambia jambo moja bila hata kutuangalia. Kila jioni yeye huwafungia wanambuzi zizini wasinyonye maziwa yote usiku. Mbuzi tunafungia, moto tunauacha huru. Hili ni zizi tu, kwani lazima liwe nini?

Sheikh akacheka, akarudia kwa Kisomali, akacheka tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa nyumbani, nikasikia spika ya msikiti. Kisomali kitupu. Nilishika maneno mawili: dab, ambao ni moto, na hero, ambalo ni zizi. Alisema nyumba ya Mwislamu haikosi zizi, sasa na moto upewe lake. Halima ndiye aliyenitafsiria. Sina hakika kama hakuongeza chumvi.

Jioni waya wake ulikuwa umerudi. Nilikaa upande wa pili nikakunja sambusa, zangu zikafumuka zote.

Jumatatu, 24 Machi

Mkuu kaniita. Idd hiyo inakuja, nimemletea nini? Nikamwambia fundi hana nondo, zimekwisha. Nikamwambia watu wa Kutulo, huko Mandera, wameulizia kupitia jamaa zao jinsi ya kutengeneza. Hayo ni ya fundi, akasema. Wagonjwa je? Nikamwambia tangu lile neno la msikitini sijapokea mtoto wa moto kutoka Galbet. Akasema huenda ni bahati. Nikasema huenda. Sikubishana, maana kweli huenda, siku kumi ni chache.

Akasaini niendelee mpaka mwisho wa mwaka. Kasaini huku akitikisa kichwa. Nimefurahi na sikumwonyesha.

Alhamisi, 27 Machi

Niko zamu. Alasiri tulivu, feni inalia. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo na nikasikia sauti ya Halima kabla sijamwona.

Amembeba Zamzam. Mtoto analia kwa mwili mzima. Nikamchukua, nikamgeuza, kifua, tumbo, mikono, migongo ya mikono, nyayo. Ngozi nzima. Ngozi nzima kabisa. Nikamgeuza tena. Katikati ya paji la uso, nundu kama ndimu.

Alikuwa anamkimbilia mama yake. Kakimbia moja kwa moja, kajigonga kwenye nondo ya zizi, kaanguka kinyumenyume. Karai lilikuwa linachemka upande wa pili.

Halima alinifokea mbele ya wauguzi wote. Zizi lako, abaayo, limempiga mtoto! Chuma gani hiyo unatupatia? Nikasema ndiyo. Nikasema pole. Nikakaa kwenye kiti na mtoto mapajani, nikamwekea chupa ya maji baridi kwenye nundu, na machozi yananitoka, na Halima akanyamaza alipoyaona. Akaangalia mikono ya mwanawe. Akaishika yote miwili.

Tulikaa hivyo mpaka Zamzam akalala.

Nimefuturu kwao. Sambusa zimezidi chumvi.