Mguu wa Bashasha

Mitwero, Lindi
Mwezi wa nane

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuona umekaa barazani umenyoosha miguu, barua hii mkononi, na marahaba yako naisikia kabisa. Natumaini kikohozi kimekuachia, na baba amemaliza kupulizia salfa mikorosho ya bondeni bila kuumwa macho kama mwaka jana. Mdogo wangu Mboni naye hajambo? Mwambie gauni lake liko kwa fundi, asinune. Sisi huku ni wazima, Alhamdulillahi, ingawa hivi karibuni zilipita siku ambazo neno hilo lisingenitoka mdomoni.

Najua habari za Fakihi kuanguka zimekufikieni, na najua zimefika zikiwa zimeongezwa chumvi. Hakuvunjika mgongo, mama. Ni mfupa wa bega. Ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani yetu, na kama kawaida Fakihi alikuwa amemleta Bashasha, yule farasi wake wa harusi, ili bwana harusi aingie kwa bibi harusi akiwa juu kama watu wa zamani. Bwana harusi aliingia salama, akashuka, watu wakapiga vigelegele. Fakihi akapanda ili amrudishe farasi nyumbani. Hapo kijana mmoja akawasha fataki karibu na matarumbeta. Bashasha aliruka, akamtupa mume wangu chini, na mguu wake wa nyuma ukaingia kwenye uzio wa mabati yaliyochanika. Aliuvuta kwa nguvu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na wanawake wenzangu, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile sauti ya bati.

Fakihi alipelekwa hospitali, akarudi mkono umefungwa shingoni, akaambiwa asinyanyue hata kikombe. Farasi akabaki wa kwangu.

Wewe unanijua, mama. Mimi ni mtu ninayemkimbia hata mbuzi mwenye pembe. Tangu Fakihi amlete mnyama yule kutoka Dar nilikuwa napita mbali na banda lake, na yeye alikuwa akinicheka. Sasa ikawa lazima niingie. Jeraha lilikuwa chini kidogo ya goti la nyuma, refu kama kiganja changu, nyama imefunguka. Bwana wa mifugo, anayeitwa Stephano, alikuwa safarini upande wa Liwale, na kwenye simu hapatikani. Fakihi alikuwa analala kwa dawa za maumivu. Basi nikafanya nilichokiona nyumbani tangu utotoni. Nilichukua majivu ya jikoni, nikachimba udongo laini wa kichuguu, nikaukanda na mafuta ya nazi, nikaupaka kwenye kidonda mpaka damu ikakata. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Nilifunga kwa kipande cha kanga na usiku nililala vizuri.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya paja. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Ile kanga ilikuwa imeloa maji ya njano, na harufu yake, mama, hata nikinawa kwa limau ilikuwa haitoki puani. Bashasha hakukanyaga kwa mguu ule, aliuning'iniza tu, ncha ya kwato ikigusa chini. Alikuwa anatetemeka. Pumba zake hakuzigusa.

Namshukuru Mungu, siku hiyo hiyo Stephano akarudi. Ni Mngoni wa watu, mpole, lakini alipofungua ile kanga alikunja uso, akainama kukinusa kidonda. Kisha akauliza, "Shemeji, humu umeweka nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema udongo na kinyesi vina vijidudu vinavyopenda kujificha ndani ya kidonda kilichozibwa, na kwamba katika wanyama wote hakuna anayeshambuliwa upesi na vijidudu hivyo kama farasi na punda. Akasema ugonjwa wenyewe unaitwa pepopunda. Akanieleza dalili zake ili nizitazame kila siku. Alisema taya zinakaza, mnyama anashindwa kutafuna, shingo inakuwa ngumu, halafu mwili mzima unakakamaa, na sauti ndogo tu au mwanga kidogo unamshtua mpaka anajikunja. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini. Nilijua anachokisema. Niliwahi kukiona. Lakini wakati ule sikumwambia mtu neno.

Stephano alikata manyoya kuzunguka kidonda, akakiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mpaka udongo wangu wote ukatoka, akakata nyama iliyokufa, akamchoma sindano ya kuua vijidudu na nyingine ya kuzuia pepopunda ambayo aliagiza ije kwa basi kutoka Mtwara. Alisema hawezi kuahidi kitu, kwa sababu tumechelewa. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu. Asubuhi na jioni kidonda kioshwe, uvimbe umwagiwe maji baridi kwa muda mrefu, kipakwe dawa, kifungwe pamba safi na bendeji. Fakihi alimshika kichwani kwa mkono wake mmoja mzima, akimsemesha. Na nyuma, kwenye mguu, alikuwa nani? Mwanao.

Sijui nikuelezeeje woga ule. Unachuchumaa kando ya paja linalokuzidi kiuno, na unajua kwamba mnyama akichoka na maumivu atapiga teke, na teke lile likikupata tumboni ndiyo basi. Kila nilipoingia bandani nilisoma Ayatul Kursiy. Nilikuwa namwaga maji kwa mkono mmoja, na mkono mwingine nimeuweka hapa tumboni, na Fakihi akanitania kwamba nimeshika tumbo kama mtu mwenye njaa. Mimi nilikuwa nahesabu Bashasha anavyotafuna, nikiangalia kama taya zinakwenda.

Polepole uvimbe ukashuka kutoka pajani. Tukaanza kucheka tena nyumbani. Ndipo asubuhi moja nikaingia na majani mabichi, nikamkuta amesimama kama kitu kilichochongwa. Shingo imenyooka. Masikio yamesimama. Nilimpa majani mdomoni, midomo haikufunguka. Nikajaribu kuuingiza mkono pembeni mwa mdomo kama Stephano alivyonifundisha, nikahisi meno yamebana. Mama, nilipiga ukelele. Majirani walifikiri Fakihi amekufa.

Stephano alikuja na pikipiki bila hata kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimekaa nje, nimeziba masikio kwa kanga, sitaki kuona. Alinyanyua kidevu cha farasi, akamtazama macho, akapiga makofi karibu na sikio lake, akamshika mkia na kuuchezesha. Kisha akatoka nje akaniambia niinuke, siyo pepopunda. Mkia ni laini, na jicho halifunikwi na kope ya ndani, ambayo pepopunda huivuta mpaka juu ya mboni. Alisema mnyama amebana meno kwa maumivu, kama mtu anavyofanya, na kwamba kuna kitu ndani ya kidonda ambacho hatukukiona. Aliomba nimshikie mguu kwa mara nyingine.

Niliushika. Alichokonoa kwa chombo chake, usaha ukaruka, na pamoja na usaha kikatoka kipande cha bati, chembamba kama ukucha wa kidole gumba. Wakati ule ule Bashasha akapiga teke. Sikuona chochote. Nilisikia upepo kwenye shavu, na ndoo iliyokuwa kando yangu ikaruka mpaka ukutani, ikabonyea katikati. Stephano alinivuta nje. Fakihi alikuwa anauliza nimeumia wapi, nimeumia wapi, na mimi nilikuwa nimejikunja chini nimekumbatia tumbo langu, nalia, nasema mtoto, mtoto.

Ndivyo mume wangu alivyojua. Nami ndivyo ninavyokwambia wewe sasa, mama. Nina mimba. Leo inakaribia mwezi wa tano.

Nisamehe kwa kukuficha. Sikumwambia mtu yeyote kwa sababu niliona nikisema tu, yatatokea yale ya mwanangu Salha. Nilifikiri nikikaa kimya labda mimba hii itapita salama, balaa ile isiione. Kliniki sikwenda. Lakini baada ya teke lile Fakihi hakunipa nafasi, alinipeleka asubuhi yake, tukiwa wawili, yeye na mkono wake shingoni. Mtoto yuko salama. Muuguzi, mama mmoja wa makamo, aliniuliza kuhusu uzazi uliopita. Nikamweleza jinsi nilivyokuja huko nyumbani Mitole kujifungua, na jinsi Salha alivyozaliwa mzima, analia kwa nguvu, ananyonya mpaka anapaliwa. Halafu wiki haijaisha akaacha kunyonya. Nikamweleza kwamba mdomo ulikaza, nikimwekea ziwa halishiki, na akiguswa au mlango ukifungwa anajipinda kama upinde. Nikamwambia sisi tulisema ni degedege, na alifia njiani mgongoni mwangu tukimpeleka zahanati.

Muuguzi aliniuliza kitovu kilipakwa nini.

Mama, naomba uketi, kama umesimama. Nimepiga simu mara nyingi ili nikwambie haya, na kila mara nimeishia kuuliza habari za korosho. Naiogopa barua hii kuliko nilivyouogopa ule mguu. Haikuwa degedege. Salha alikufa kwa pepopunda. Iliingia kwenye kitovu, kwa ile dawa uliyompaka, ya majivu na udongo wa kichuguu na mafuta ya nazi.

Usiinuke kwanza. Soma mpaka mwisho. Nilitoka kliniki nikiwa na hasira na wewe, siwezi kukudanganya. Usiku sikula. Lakini nilipokwenda bandani kufunga bendeji niliitazama mikono yangu. Ni mimi niliyechimba ule udongo. Hakuna aliyenilazimisha. Niliukanda vizuri, nikaupuliza vumbi, nikaupaka nikiwa na huruma moyoni, na nilikuwa nadhani ninamponya. Nilifanya vile vile ulivyofanya wewe, na wewe ulifundishwa na bibi, na bibi alifundishwa na mtu mwingine ambaye naye alikuwa anataka mtoto aishi. Nakumbuka ulivyokuwa hulali, unampepea Salha kwa upepeo wa ukili. Nakumbuka kwamba ulilia kuliko mimi. Basi hasira ilikosa pa kukaa. Kilichobaki ni woga tu.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, kama mtoto anavyomwomba mama yake. La kwanza, nitajifungua hospitali hapa Lindi. Nimeshachomwa sindano ya pepopunda, na nitarudi kwa nyingine. Kitovu kitakatwa kwa kifaa kisafi, nami nimeapa hakitapakwa kitu, si na mkwe wangu, si na jirani, wala si na wewe. Ukija na kile kikopo chako cha dawa nitakitupa mbele yako, na nitakosa adabu, na nitakuomba radhi baadaye.

La pili ni kwamba uje. Tafadhali, mama. Nilidhani ningeweza kusema usije, na nikaona siwezi. Nataka wewe unikande mgongo, wewe unipikie uji wa pilipili manga, wewe usikilize mjukuu wako akiadhiniwa. Sitaki uogope kumgusa. Nikifikiria kwamba utasoma haya halafu ukae Mitole ukijiona muuaji, silali. Na wale wanawake wa huko wanaokuita uwapokelee watoto, mama, waambie. Najua ni aibu. Waambie hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa maneno utakayopata wewe mwenyewe. Binti wa bi Hamida ana mimba kubwa. Anza na yeye.

Bashasha anakula. Anatembea uani, mguu umebaki mnene kidogo pale chini, na Stephano anasema hautarudi kuwa kama wenzake. Maharusi hatawabeba tena. Fakihi anasema atabaki tu, tutamlisha, na mimi sikubisha.

Barua hii nampa Saad, ambaye anapita Mitole kuangalia shamba la baba yake, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine. Atalala huko usiku mmoja. Akirudi atakuwa na jibu lako au atakuwa mikono mitupu, na mimi nitakuwa stendi tangu gari halijafika.

Nisalimie baba, umwambie mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa. Msalimie Mboni, bi Hamida na wote wanaoniulizia. Fakihi anakuamkia, shikamoo yake upokee. Mwenyezi Mungu akulinde na akupe nguvu ya haya niliyokubebesha.

Mtoto ameanza kucheza. Ameanza juzi, wakati naosha vyombo, na nilikaa chini pale pale kwenye maji kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwita ila wewe.

Mimi mwanao,
Naima