Ya Chini ya Nyungu

Mama Riziki,

Ni miye, Baba Riziki. Unajua mi siandikaka. Masomo nilikomea chini, we njo ulikuwaka unanisomea. Lakini iko mambo siwezi kusemea muntu wa hapa. Batanicheka.

Nianze na ile mubaya. Papa Furaha anakula maharagi yako.

Sisemi maharagi ya shamba. Nasema maharagi yako, vile ulikuwaka unapika. Na sambaza, ile samaki ya kidogo ya Bweremana, ulikuwa unasugua mu mikono mpaka inakuwa unga. Na seleri. Na majani ya lengalenga unatupa mwisho, nyungu imeshatoka ku moto. Kila mangaribi harufu inatoka kwake, inapita lupango yenye kutugawa, inaingia mwetu, inanikuta nimekaa. Mara ya kwanza nilisimama. Nilifikiri ni we. Hiyo njo sikuweza kusamehe yule muntu.

We njo ulifundisha muke yake. Najua. Wakati tulikimbia vita, kule kambi ya Lushebere, hema yetu na yabo ilikuwa mbili na moto moja. Mulikuwa munacheka kutwa. Nilifikiri munatusengenya. Kumbe ulikuwa unagawa vitu yangu.

Na anakulia inje. Anatoa kiti, anakaa mbele ya mulango, Mama Furaha anamuletea. Akimaliza anaitisha nyungu. Anakwangula. Mama Riziki, anakwangula chini ya nyungu. Ile yenye kushikana kidogo, nzito, yenye moshi. Ile ulikuwaka unaniwekea kando ya moto, hata batoto balilia habakuipata. "Ya chini ni ya mwenye jembe." Ulikuwa unasema vile. Sasa yule hata jembe hana. Anachunga ng'ombe ya batu, anakaa ku majani.

Siku moja Mama Furaha akaleta sahani, imefunikwa vizuri. "Baba Riziki, kula, umebakia mifupa." Nikasema asante. Akishaenda nikamwangia nguruwe. Ikakula, ikapiga kelele inataka ingine. Hata nguruwe nikaionea wivu.

Mi mwenyewe, batoto balishaenda kwabo, nilikuwa nakula bugali. Mwanaume kwetu haingie mu jikoni, lakini bugali kila muntu anaweza songa. Nilikuwa nasonga kubwa kama kilima ya Karuba, nakula na chumvi, namwanga kasiksi, ile pombe ya ndizi, juu yake. Nilikuwa nakula na hasira. Haikuwa njaa. Ni kama nilikuwa napiga muntu na meno. Asubui tena chai, sukari mpaka kijiko inasimama.

Ku kazi vile vile. Unakumbuka kazi ya kulimia batu. Saa sita patron, mwenye shamba, analeta sinia moja, munazunguka bote. Mwenye kukula polepole anabaki na njaa. Mwenye kukula kidogo, kesho habamuite, banasema hana nguvu. Mi nilikuwa mbele ya bote.

Kisha kiu ikaanza. Nakunywa maji, nakojoa, nakunywa tena. Macho ikaanza kuona moshi pahali hakuna moshi. Nilifikiri ni kukukosa we njo inafanya vile. Nikasema sawa, inipeleke kwako. Tukiwa tunavuna viazi, nikaanguka mu mustari na jembe mu mukono.

Balinibeba na tipoyi, ile kitanda ya bagonjwa, miti ku mabega. Mbele kulikuwa Papa Furaha. Alisikia habari, akaacha ng'ombe, akakuja mbio. Njia yote ya kushuka ku centre de santé, kwa muganga, shingo yake ilikuwa mbele ya macho yangu. Imenona ile shingo. Iko na mikunjo. Mi naenda kufa, na naangalia ile mikunjo, najisemea: ile ni maharagi ya bibi yangu, yote ile. Jasho inamutoka juu yangu, na mi namuchukia. Nakuambia juu we sikudanganyaka.

Muganga, mwanamuke kijana, akasema sukari iko mingi mu damu. Nikasema kama ni sukari tu, nitaacha ile ya chai. Niliacha kweli. Nikaendelea na bugali yangu na kasiksi yangu. Kasiksi ni ndizi, nilisema, ndizi haikuuaka muntu. Kurudi kupimwa, muganga akapiga mikono.

"Papa, nani alikuambia kasiksi ni dawa?"

"Hakuna mwenye alinikataza."

Akanikalisha. Akaeleza bugali ikishafika mu tumbo inageuka sukari, kasiksi vile vile. Akakamata sahani ya bagonjwa, akaigawa na kidole. Nusu, majani. Robo, maharagi. Robo, bugali, sawa ngumi moja. Nikamuonyesha ngumi yangu. Unaijua. Nikafurahi, nikaona hapa nimepona. Akaiangalia.

"Hapana, Papa. Siyo hiyo. Ngumi ya mama yako."

Bamama benye kungoja bakacheka mpaka batoto mu mugongo bakaamuka. Lakini yeye hakucheka. Alisema: "Usipofuata, muguu njo itaanza kuoza. Utalima na nini? Na usikule tena na hasira. Hasira haishibaka."

Sijui nani alimuambia mambo ya hasira. Sikumuambia.

Nilitoka pale na wivu ya dunia nzima. Mama moja alikuwa anakula mukate na fanta, anakula tu, anaangalia barabara. Banaume benye kubeba mbao balikuwa banakata bugali. Nikaona ni kama Mungu amegawa chakula yote, mi nikachelewa. Na we ulishaenda. Nikarudi, nikamuuliza tena muganga: na maharagi?

"Maharagi kula, Papa. Mafuta kidogo, majani mingi. Hiyo njo chakula yako sasa."

Unaona mutego. Kitu yenye ilibakia yangu mu hii dunia, Papa Furaha njo alikuwa nayo.

Nilijaribu kuipika peke yangu. Moto kubwa, maji kidogo. Inje iliungua, ndani ilikuwa mawe. Nikaongeza mawese, ikawa mawe ya mafuta. Nikamwanga, nikasonga bugali. Ule usiku vidole ya muguu ya kushoto haikusikia blanketi. Nilizishika, nikaona ni kama nashika muguu ya muntu mwingine. Nikaogopa, Mama Riziki. Mi nilisema inipeleke, na ilipokuja nikaogopa.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Furaha. Nikaenda mchana, bwana yake akiwa ku ng'ombe. Nikasimama mu mulango ya jikoni.

"Baba Riziki, unatafuta moto?"

"Natafuta maharagi."

"Kaa, nikutilie."

"Hapana. Unionyeshe."

Akaniangalia sana. Mama moja mwenye kupita na maji akasimama: "Eh, Mama Furaha, umepata muke mwenzako?" Akamujibu: "Njo huyu. Na ako na mikono ya kupasua kuni, si kama we." Akanisukumia kiti yake ya kidogo. Nilikaa, magoti ikafika ku masikio.

Akanipa sambaza nisugue. Mikono yangu iko ngumu, ilitoka unga muzuri. Akaangalia mafuta nilikuwa nataka kumwanga, akanishika mukono.

"Hiyo mingi. Marehemu njo alinikataza. Alikuwa anasema, 'Bwana yangu anapenda mafuta ielee juu. Namutilia sambaza, anafikiri ni mafuta.'"

Niliweka mafuta chini. Miaka yote nilikuwa najisifu ku kazi kwamba kwangu maharagi inaogelea mu mafuta. Batu balikuwa banakusifu. Kumbe ulikuwa unanichunga kama ng'ombe, na kamba sikuiona. Na yule mwanamuke alikuwa anajua, mi sijui. Hiyo iliniuma kupita shingo ya bwana yake.

Tukiwa pale, Papa Furaha akaingia. Nilikuwa na lengalenga mu magoti, nachambua. Nikangoja acheke. Akakaa ku kuni.

"Afazali we upike," akasema. "Mi maharagi imenichosha."

Nikasema, "Unakwangula mpaka nyungu inalia."

"Nakwangula juu huyu anyamaze. Tangu Lushebere ni wimbo moja. Bwana ya Mama Riziki anamaliza yote. Bwana ya Mama Riziki haulizake nyama. Bwana ya Mama Riziki anakwangula chini. Siku ya tipoyi, njia yote niliomba Mungu usikufe. Ungekufa, huyu angekusifu mpaka mwisho ya dunia."

Mama Furaha akamutupia jani ya lengalenga. Nilicheka mpaka moshi ikaniingia mu koo. Sikuwa nimecheka tangu tulikuzika. Yule muntu, Mama Riziki. Mi namuchukia juu ya maharagi, yeye ananichukia juu ya maharagi ile ile.

Sasa nakula hivi. Asubui kiazi moja ya kuchemsha na avoka, chai bila sukari. Haiko tamu na haitakuwa tamu, lakini iko moto. Ku kazi nabeba sahani yangu. Bananizomea: "Angalia, anakula kama muke ya pasteri." Siku zingine patron ananipita, anaita vijana. Inaniuma roho. Siku zingine ananiita. Mangaribi naweka nyungu ku moto, nakaa karibu, nakula nikiwa nimekaa, polepole. Nilikuwa nakula nikisimama tangu ulienda, hata sikujua. Kasiksi niliacha. Ile bado inauma, napitiaka njia ya juu nisisikie harufu. Muganga alipima tena, akasema inashuka. Vidole inasikia blanketi.

Maharagi yangu haiko kama yako. Naweka puaro, ile kitunguu ya majani murefu. Najua ulikuwa unaichukia, unasema inanuka jasho ya soldat mwenye bunduki. Samahani. Nilipeleka sahani kwa Papa Furaha. Akaonja, akasema: "Hii siyo ya marehemu." Nikasema: "Siyo ya marehemu. Ni yangu." Akamaliza. Mama Furaha akamuangalia, akabeba sahani.

Nguruwe sikuipa tena.

Wivu haijaisha, usifikiri. Nikisikia harufu mangaribi bado nasimama kidogo. Halafu naona ni yangu yenye iko ku moto, naikoroga.

Kule uko najua unapika. Hukukalaka bure. Baba yako iko kule. Kaka yako Bahati iko kule na tumbo yake. Ubape bote, sikatazi. Lakini ya chini ya nyungu usimupe muntu, hata akulilie. Ni ya mwenye jembe. Mi nitakula ngumi ya mama yangu, si yangu, na nitatembea na miguu yangu yote mbili. Nakuahidi hivyo. Kwa hiyo usiangalie njia kila mangaribi.

Ulale vizuri, mama ya batoto yangu. Uniwekee kando ya moto, uifunike. Nitachelewa.

Baba Riziki